Ofisi ya Serikali Imekuamulia Vibaya: Rufaa ya Ndani, IGG, Tume ya Haki za Binadamu au Mahakama Kuu?

Leseni ya biashara imefutwa, barua ya kukusimamisha kazi imefika, au faili lako la ardhi limelala ofisini mwaka mzima bila jibu. Uganda, wengi huanza kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa au kijiji), kisha kwa RDC, kamishna mkazi wa wilaya. Hakuna ubaya: RDC akipiga simu, mara nyingine jambo linakwisha siku hiyo hiyo. Ila RDC ni mwakilishi wa Rais wilayani kwa mujibu wa Ibara ya 203 ya Katiba. Hakupewa kazi ya kusikiliza rufaa wala kufuta uamuzi wa ofisi nyingine. Na wakati unasubiri simu yake, siku za kwenda mahakamani zinaendelea kuhesabika.

Njia zenye nguvu ya sheria ziko tano. Kabla ya kuchagua, amua unachotaka hasa: uamuzi ufutwe, ulipwe pesa, karatasi yako itoke, au ofisa awajibishwe. Kisha tazama ni muda upi unaokwisha kwanza. Jambo hili la pili ndilo watu husahau.

| Njia | Muda wa kuanza | Inachoweza kukupa | Gharama |
|---|---|---|---|
| Rufaa ya ndani | Uliotajwa na sheria ya sekta, mara nyingi mfupi | Uamuzi kubadilishwa kabisa | Ndogo, isipokuwa kodi |
| IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali) | Mapema iwezekanavyo | Uchunguzi, maagizo kwa ofisi, ofisa kushtakiwa | Bure |
| Tume ya Haki za Binadamu | Miaka 5 | Fidia, amri ya kuachiliwa | Bure |
| Mapitio ya Mahakama Kuu (jaji hukagua jinsi uamuzi ulivyofikiwa) | Miezi 3 | Uamuzi kufutwa, ofisi kulazimishwa au kuzuiwa | Ada na wakili |
| Kesi ya madai | Miaka 2 kwa madhara, 3 kwa mkataba | Fidia | Kubwa, na muda mrefu |

Rufaa ya ndani

Hapa unapeleka lalamiko lako kwa mkubwa au chombo kilichotajwa na sheria ile ile iliyompa ofisa mamlaka. Faida yake kubwa ni kwamba chombo hicho kinaweza kupima kama uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri au mbaya, na kuweka mwingine mahali pake. Mahakama Kuu katika mapitio haifanyi hivyo. Zaidi ya hayo, huna hiari sana: tangu kanuni za mapitio zirekebishwe mwaka 2019, Kanuni ya 7A inamtaka jaji ajiridhishe kwamba umekwisha kutumia njia zilizopo ndani ya ofisi husika au katika sheria. Usipoonyesha hivyo, wakili wa upande wa pili atainua pingamizi la awali, na maombi yako yanaweza kutupwa kabla jaji hajagusa kiini cha jambo.

Chombo cha rufaa hutegemea sekta. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali au nesi wa wilaya huajiriwa na kufukuzwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na rufaa yake huenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Angalia jambo moja: uamuzi wa wilaya unabaki na nguvu mpaka Tume ya Utumishi wa Umma itoe wake. Kukata rufaa peke yake hakukurudishi kazini. Aliyesimamishwa tu akisubiri uchunguzi hajafukuzwa, na anastahili kulipwa kiasi kisichopungua nusu ya mshahara wake wa msingi. Kama nusu hiyo haiji, hilo ni lalamiko la pili linalojitegemea, liandike kwa barua yake.

Kwenye kodi mambo yamepangwa kwa siku, na anayechelewa hupata shida kubwa. Ukipokea makadirio ya URA (mamlaka ya mapato) usiyokubaliana nayo, una siku 45 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna. Kamishna ana siku 90 za kulijibu. Zikipita bila jibu, sheria inakuruhusu kulihesabu pingamizi lako kuwa limekubaliwa, lakini halijihesabu lenyewe: lazima umwandikie Kamishna kwamba umechagua hivyo. Akilikataa, una siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, na hapo unatakiwa kuweka asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu ya kodi usiyoibishia, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa mwenye duka, asilimia 30 ndiyo ukuta. Makadirio ya shilingi milioni 40 yanakutaka uwe na milioni 12 mkononi kabla hujasikilizwa. Ndiyo maana nguvu nyingi inafaa uimalizie kwenye pingamizi la kwanza: ambatisha risiti, taarifa za benki na hesabu zako mwenyewe zikionyesha kosa liko mstari gani. Unaweza pia kumwomba Kamishna mzozo umalizwe kwa mazungumzo ya usuluhishi, lakini usiache siku 30 zipite kwa sababu mnaongea vizuri.

Wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali na kwingineko, ambao wengi wao Kiswahili ndicho lugha yao ya ofisini, wana Bodi ya Rufaa dhidi ya Kamati inayoamua hadhi ya ukimbizi. Bodi hiyo haitoi hadhi yenyewe. Inaweza kuufuta uamuzi au kuamuru jambo lisikilizwe upya. Soma barua ya kukataliwa, utafute siku zilizoandikwa humo, na uhesabu kuanzia siku uliyoipokea.

Barua ya rufaa inayofanya kazi ni fupi: tarehe ya uamuzi na namba yake ya kumbukumbu, nani aliamua, sheria au kanuni iliyovunjwa kama unaijua, kosa ni lipi, na unataka nini kifanyike. Barua nyingi huomba huruma kwa kurasa tatu na kumaliza bila kusema zinaomba nini. Peleka nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kugonga, andika jina lake, saa na siku, kisha itume tena kwa barua pepe ya ofisi au kwa posta ya rejista. Bila ushahidi huo huwezi kuonyesha kwamba ulipita njia ya ndani.

IGG au Tume ya Haki za Binadamu?

Zote mbili ni bure, zote zina ofisi mikoani (Gulu, Arua, Mbarara na kwingine), na zote unaweza kuziendea bila wakili. Zinatofautiana katika kile zinachokitafuta.

IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, huangalia rushwa, matumizi mabaya ya mamlaka na uendeshaji mbovu wa ofisi. Anaweza kuchunguza, kukamata na kushtaki, na Ibara ya 230 inampa uwezo wa kutoa maagizo yanayofaa kutokana na alichokiona. Kwa hiyo faili lililokwama mpaka utoe kitu kidogo ni kazi yake. Barua ya ofisa mmoja iliyotafsiri kanuni vibaya, bila hila, si kazi yake kubwa. Atalipokea lalamiko, lakini litasubiri foleni nyuma ya mabilioni yaliyopotea. Lalamiko linalosonga huwa na majina ya vyeo, tarehe, kiasi kilichodaiwa na nakala za karatasi. Lile la "wanakula pesa zetu" hukaa.

Tume ya Haki za Binadamu huuliza swali jingine: je, haki iliyomo kwenye Katiba imevunjwa? Kuwekwa rumande zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani, kupigwa na walinzi wa halmashauri wakati wa kubomoa vibanda, kunyimwa huduma kwa ubaguzi: huko ndiko. Tume ikikaa kama baraza ina uwezo wa kimahakama chini ya Ibara ya 53, inaweza kuamuru fidia au mtu aachiliwe, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Miaka mitano ya kulalamika ni mingi, lakini usidanganyike nayo: mashahidi huhama, na daftari la kituo cha polisi huisha likawekwa stoo.

Kuna mtego unaozihusu zote mbili. Jambo likishakuwa mbele ya mahakama, Tume hailichunguzi, na IGG naye hana mamlaka juu yake. Kwa hiyo aliyekimbilia mahakamani kwanza amejifungia milango miwili ya bure. Upande wa pili, kusubiri ripoti ya IGG hakusimamishi ile miezi mitatu ya mapitio. Kama unachotaka ni uamuzi ufutwe, IGG asiwe njia yako pekee.

Mapitio ya Mahakama Kuu

Ibara ya 42 inampa kila mtu anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa haki na usawa, na ya kwenda mahakamani kuhusu uamuzi uliochukuliwa dhidi yake. Imesema kila mtu, haikusema raia. Haki hiyo hutekelezwa hasa kwa mapitio, na ni Mahakama Kuu pekee inayoyasikiliza, iwe kitengo cha madai Kampala au mojawapo ya vituo vyake mikoani. Hakimu wa wilaya hana mamlaka hayo hata mkikubaliana wote.

Jaji hapa haulizi kama wewe ndiye ungestahili ile leseni. Anauliza jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Sababu zinazotumika ni tatu, na kesi ya Pastoli dhidi ya halmashauri ya wilaya ya Kabale ya mwaka 2008 ndiyo mawakili hupenda kuitaja wakizieleza: ofisa alivuka sheria, alikiuka utaratibu wa haki, au uamuzi wake hauna mantiki kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia.

Chukua duka la sokoni. Manispaa imekunyang'anya na kumpa mwingine. Kama hukuitwa, hukuambiwa kosa, ukakuta kufuli mpya mlangoni, una kesi nzuri ya utaratibu, hata kama kweli ulikuwa na malimbikizo ya kodi ya pango. Lakini kama ulipewa barua ya onyo, ukaitwa kwenye kikao, ukajieleza na hawakukubaliana nawe, jaji hatakurudishia duka kwa sababu tu anakuhurumia. Na hata ukishinda, mara nyingi mahakama hufuta uamuzi na kuirudishia manispaa iamue upya kwa utaratibu sahihi. Wanaweza kukunyima tena, safari hii kwa njia halali. Anayeingia kwenye mapitio bila kulijua hili hutoka na hukumu ya ushindi na duka lisilo lake.

Miezi mitatu huhesabiwa kuanzia siku sababu ya malalamiko ilipotokea mara ya kwanza. Kuandika barua za kukumbusha hakuianzishi upya. Ofisi ikikujibu mwezi wa sita kwamba "msimamo wetu ni ule ule wa Machi", siku zako zilianza Machi. Jaji anaweza kuongeza muda ukiwa na sababu nzuri, na kupitia rufaa ya ndani ni sababu inayosikika, ila iombwe wazi ndani ya maombi na ielezwe kwenye kiapo kwa tarehe. Mpango salama ni kukata rufaa ya ndani wiki ile ile ya kwanza, kuipa ofisi tarehe ya kujibu, na huku wakili akiandaa karatasi za mahakama ili kimya cha ofisi kisikukute mikono mitupu. Maombi yenyewe huanza kwa hati ya maombi inayoambatana na kiapo. Unaweza pia kuomba amri ya muda ili vibanda visibomolewe kesi ikiendelea. Na kama umepata hasara, dai fidia humo humo. Usipoidai ndani ya maombi, usitarajie jaji akukumbushe.

Kama shida yako ni kimya, yaani hakuna uamuzi wowote, unachoomba ni amri ya kuilazimisha ofisi itimize wajibu wake. Hapo jaji atataka kuona mambo mawili: kwamba sheria inamtaka ofisa huyo afanye jambo hilo, na kwamba ulimdai kwa maandishi akakataa au akanyamaza. Tena ule muhuri wa kupokelewa.

Sasa lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba irekebishwe mwaka 2005, lakini karatasi za mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamhesabu hivyo pia mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha iliyotumika kwenye hati. Maana yake, mtu aliyesoma vizuri Kiswahili lakini hajui Kiingereza anaingia humo. Aliyemwandikia kiapo lazima aandike jina na anwani yake kamili, na athibitishe kwamba alikisoma na kumfafanulia mwenye kiapo kwa lugha anayoielewa. Kipande hicho kikikosekana mwishoni, upande wa pili utaomba kiapo kiondolewe, na maombi yasiyo na kiapo hayana miguu. Kabla ya kuweka dole gumba au sahihi, dai usomewe, na uangalie kama cheti hicho kipo.

Kesi ya madai

Hii ni ya anayetaka pesa: gari la wizara limekugonga, trekta la halmashauri limebomoa ukuta, serikali haijalipa mkataba. Unampa unayetaka kumshtaki notisi ya maandishi, usubiri siku 45, ndipo ushtaki. Kwa serikali kuu mshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Kabandize dhidi ya mamlaka ya jiji la Kampala ilisema kukosa notisi hakuiui kesi, ila usijenge nyumba yako juu ya huruma hiyo. Kupeleka notisi ni rahisi. Muda ndio mkali: miaka miwili kwa madhara, mitatu kwa mkataba.

Kama madhara yenyewe ni uvunjaji wa haki za Katiba, ipo Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, yenye muda wa miaka kumi. Inamfanya ofisa awajibike yeye binafsi, hata pale serikali nayo inapowajibika. Kumtaja ofisa kwa jina na cheo, mbali na Mwanasheria Mkuu, hubadilisha sana jinsi anavyoipokea barua yako ya kwanza.

Kukusanya pesa baada ya kushinda ni hadithi nyingine. Mali ya serikali kuu haikamatwi na dalali wa mahakama. Unachukua cheti cha amri dhidi ya serikali, unakipeleka kwa wanaohusika na malipo, na wasipolipa unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha ofisa wa Hazina alipe. Ndiyo, kesi ya pili kwa ajili ya kulipwa ya kwanza. Hesabu hilo kabla ya kukataa suluhu nje ya mahakama.

Uchague ipi

Karatasi imekwama na huelewi kwa nini: anza na ombi la habari chini ya sheria ya haki ya kupata habari ya 2005. Ofisa habari ana siku 21. Akinyamaza, inahesabika amekataa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Ukipata faili, utajua kama shida ni kodi isiyolipwa, jina lililokosewa au mtu anayengoja chai, na njia inayofuata itajichagua yenyewe. Haki hii ni ya raia tu, kwa hiyo mkazi wa kigeni aombe sababu kwa barua ya kawaida akitaja Ibara ya 42.

Umeombwa rushwa: IGG, kabla ya kulipa.

Umepigwa au umefungwa kinyume cha sheria na huna wakili: Tume. Ukiwa na wakili na ushahidi wa daktari, mahakama chini ya ile sheria ya haki za binadamu ya 2019 ina meno zaidi.

Uamuzi umeshatoka na unakuumiza kila siku, kama leseni au kazi: rufaa ya ndani mara moja, mapitio yakiwa tayari mezani. Asiye na uwezo wa kulipa aulize Justice Centres Uganda, FIDA (chama cha mawakili wanawake) au kliniki ya msaada wa sheria ya Law Development Centre, na aende mwezi wa kwanza. Wakili wa msaada anayeletewa faili siku ya 85 hana la kufanya zaidi ya kuomba muda.

Mwajiri wako ni kampuni binafsi: hakuna hata moja kati ya hizi. Nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Na ukinakili namba za sura za sheria kutoka hukumu za zamani, kuwa macho. Toleo la saba la Sheria za Uganda, lililoanza kutumika 1 Julai 2024, limebadilisha namba nyingi. Sheria ya Mahakama iliyokuwa Sura ya 13 sasa ni Sura ya 16.